Bibie Asiwake

Nyumbani, 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, isipokuwa hili goti, ambalo sasa tumezoeana kama majirani wasiopendana. Wewe je? Kile kifua kimeachia? Na huko karakana ya mabasi wameshaacha kukushangaa, au bado wanapita kutazama mwanamke aliyelala chini ya basi?

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Simu iko pale pale, mezani karibu na kiti cha baba yako, na siku hizi kila nikiipokea ananyamaza kusikiliza. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema mbele yake. Ukijibu, tumia anwani ya duka la fundi cherehani jirani yetu. Ataniletea mwenyewe mkononi.

Ni habari za mke mwenza wangu.

Najua unacheka. Miaka yote nimemwita Bibie mke mwenza, na baba yako akifurahia utani huo, kwa sababu ni kweli ananunuliwa vitu vizuri kuliko mimi. Lakini sasa ananitia hofu. Si yeye, masikini, yeye ni chuma tu. Ni baba yako akiwa ndani yake.

Jumanne alitoka, kama anavyosema, kumnyoosha Bibie miguu. Nilimtegemea mchana, akarudi jua limeshapoa. Nilitoka na maneno yangu tayari mdomoni, nikaliona gari. Madigadi ya kushoto imebonyea, taa imevunjika, na kwenye bonde lile kuna rangi ya kijani. Baba yako, ambaye akiona mkwaruzo wa kucha kwenye ile rangi ya maziwa hapati usingizi, alishuka, akafunga mlango taratibu kama kawaida yake, akauliza chai iko wapi.

Nikamwuliza amegonga nini. Akasema hajagonga kitu. Nikamshika mkono nikampeleka mbele ya gari. Alipitisha kiganja juu ya bonde lile, kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Nani amefanya hivi?"

Tangu siku hiyo natembea mitaani natafuta kitu cha kijani. Nimekagua mageti, baiskeli, mikokoteni. Nimepita hospitali kuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama kuna mtu aliyeletwa amegongwa. Gari lolote likisimama nje ya nyumba najua ni polisi.

Daktari alishatuambia kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma, na kwamba asiendeshe tena. Baba yako alimsikiliza vizuri, akamshukuru, akatuendesha hadi nyumbani.

Ufunguo nimeuficha, ana mwingine. Nikaficha na huo. Akalala chini ya dashibodi, akaunganisha nyaya, akawasha huku anapiga mluzi. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekulia chini ya hilo gari. Ni kitu gani kidogo, ambacho mwanamke mwenye goti bovu anaweza kukitoa, ili Bibie asiwake?

Mama yako.


14 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimeachia, na ndiyo, bado wanakuja kutazama.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi ya basi, nikaisoma tena, kisha dereva akaniomba niondoke kwa sababu alikuwa na safari. Mama, ile rangi ya kijani imenikaa kichwani. Hapa nikiona mtoto amevaa shati la kijani namtazama mpaka avuke barabara.

Nisikilize. Fungua boneti. Upande wa kulia utaona kopo jeusi la mviringo lenye nyaya nene zinazochomoza juu yake kama nywele. Baba analiita distributa. Lina vibanio viwili pembeni, vibonyeze, kifuniko kitatoka. Ndani utakuta kidude kidogo kama kidole gumba. Hiyo ndiyo rota. Ivute juu, itatoka bila ubishi. Rudisha kifuniko, funga boneti, tia rota mfukoni. Injini itazunguka itakavyo, moto hautapatikana.

Rota ndiyo kitu cha kwanza baba alichonifundisha. Nilikuwa bado sijaanza shule. Alinipandisha juu ya kreti, akaniambia niitoe na kuirudisha huku nimefumba macho, na nilipoweza akaanza kuniita Spana. Sasa nakaa hapa nafundisha mtu namna ya kumwibia. Mkono umekuwa mzito kuandika, lakini fanya hivyo, mama. Fanya leo.

Mwanao, Spana.


Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu tele. Natumaini hii inakukuta salama. Sisi tupo.

Rota niliitoa alipokwenda kunyoa. Kesho yake akavaa kofia yake ya safari, akaingia gereji. Nikasimama jikoni nikisikiliza Bibie akikohoa, akikohoa tena, kisha kimya. Nikamshukuru Mungu kwa ule ukimya. Nilipomaliza kuosha vikombe nikasikia injini. Alikuwa amefungua, ameona, amekwenda kwenye bati lake la biskuti, na humo ana rota ya akiba aliyoifunga kwa kitambaa. Mwanangu, wiki hiyo hiyo aliniita kwa jina la dada yake marehemu. Jina langu halikumbuki, lakini anajua rota ya akiba iko wapi.

Nikajaribu na ule waya mnene wa katikati, nikauchomoa kidogo tu. Huo aliurudisha kabla sijamaliza kuosha hata kikombe kimoja.

Ya kijani nimeyajua. Alikuja mlinzi wa shule ya msingi ile ya chini ya mteremko. Lilikuwa geti lao. Akaniambia kengele ilikuwa imelia na watoto wameshaingia, na kwamba vumbi lao lilikuwa bado halijatulia pale getini baba yako alipolivaa. Kisha baba yako akarudi nyuma, akampungia mkono, akaondoka. Mlinzi hakusema kwa mwalimu mkuu, maana baba yako ndiye aliyewatengenezea pampu ya maji. Lakini alisema ikitokea tena hatanyamaza, nami nikamwambia ana haki. Alipoondoka nilikaa sakafuni.

Na sasa kuna jingine, limetokana na mikono yangu. Baba yako anasema kuna mtu anaingia gereji na kumfungua Bibie vitu. Amehamishia kiti chake huko. Anakaa mbele ya gari na spana ya magurudumu imelazwa juu ya mapaja, mlango wazi, akitazama kila anayepita. Yule daktari wa meno, mkubwa wao wa chama cha magari ya zamani, alikuja kumjulia hali. Unajua anavyomtaka Bibie. Kila mwaka anamwomba amuuzie, kila mwaka wanacheka na kuagana. Safari hii baba yako hakucheka. Alimwambia, "Unamharibu usiku ili nikuuzie kama chuma chakavu." Yule bwana alirudi kwenye gari lake kinyumenyume.

Kitu kimoja sikielewi. Kila asubuhi akiamka, kabla hajasalimia, ananusa vidole vyake. Vyote, kimoja kimoja. Kisha anakwenda kunawa.

Mama yako.


13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila sina utulivu.

Acha. Usiguse tena kitu kwenye injini. Nilikosea kukufundisha. Kuna watu wanaotengeneza magari kwa macho, baba anatengeneza kwa vidole, na vidole vyake bado vinakumbuka. Chochote utakachotoa atakirudisha, na kila akikirudisha atazidi kuamini kwamba ana adui. Na ile spana, mama. Ni nzito. Atamuumiza mtu nayo.

Mwite baba mdogo. Siku ya kliniki, wakati wewe na baba mko kwa daktari, aje na kamba, amvute Bibie mpaka kwake, amfiche. Baba akiuliza, mwambieni amekwenda kupakwa rangi.

Nimeomba likizo. Wamenipa mwezi wa Septemba, hakuna mapema zaidi. Nivumilie.

Unaponiandikia niambie na wewe unakula, maana umeniambia habari za kila mtu isipokuwa zako.

Spana wako.


Nyumbani, 2 Juni

Mwanangu,

Salamu. Samahani kwa kukaa kimya. Nilikuwa nikianza barua, kisha nasikia mlango wa gereji, naiweka chini ya godoro.

Ninakula kidogo kidogo. Usiulize sana.

Baba mdogo wako alikuja siku ya kliniki kama ulivyosema. Lakini baba yako alikataa kwenda kliniki. Hakuvaa hata viatu. Kwa hiyo mdogo wake alipofungua mlango na kamba begani, alimkuta mwenye gari amekaa hapo. Nilikuwa uani. Nilisikia baba mdogo akisema, "Kaka, ni mimi." Kisha nikasikia chuma. Alimpiga mkononi, mwanangu. Mdogo wake wa tumbo moja. Mfupa haukuvunjika, lakini baba mdogo alilia, na si kwa maumivu. Tangu hapo hajarudi, na simlaumu.

Jioni ile baba yako alinitazama tukiwa mezani. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayefikiria hesabu ngumu. Akaniuliza, "Wewe umetumwa na nani?" Nikamwambia mimi ni mke wako. Akasema, "Ndivyo wanavyosema wote." Akaendelea kula.

Wiki iliyopita alitoka na Bibie, akarudishwa na vijana wa kituo cha mafuta. Walimkuta katikati ya makutano, injini inanguruma, magari yanampigia honi kila upande, na yeye ameshika usukani kwa mikono miwili, analia. Walimwuliza anakwenda wapi. Aliwaambia anampeleka mwanawe shule.

Basi nikaona siwezi kungoja Septemba.

Sasa amelala na homa ya mafua tangu juzi. Leo asubuhi aliposinzia niliingia gereji. Uliniambia nisiguse injini, na sikuigusa. Nililala chini kama nilivyowaona mkilala, goti likilalamika. Nyuma ya gurudumu la mbele nikaona kibomba chembamba kama mshipa, kimeshikwa na nati ndogo. Nikachukua spana inayoingia, nikaizungusha kidogo tu. Kikaanza kudondosha. Sikunusa kitu, mafua yake yameshanipata, lakini najua ni njia ya petroli. Nimeweka kitambaa chini asione doa. Itavuja taratibu, na siku atakayopata nafuu atakuta tangi tupu. Huko petroli itakakokuwa imekwenda atajiuliza mwenyewe.

Nisamehe kwa kufanya bila kukuuliza. Nimechoka kuogopa nikiwa nimekaa.

Mama yako.


SIMU YA MAANDISHI, 12 JUNI

MAMA ULICHOLEGEZA NI BREKI SIO PETROLI. BABA ASIWASHE GARI. USIPANDE. MTU YEYOTE ASIPANDE. SPANA


15 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama nikuulize hali.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili, wakati wa mapumziko. Niliposoma "kibomba chembamba kama mshipa" nilisimama, na bakuli langu likaenda chini. Msimamizi alidhani nimepata msiba. Akaniruhusu kupiga simu kutoka ofisini. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikakimbia posta nikatuma ile ya maandishi, nikarudi nikapiga tena. Jana nimepiga. Leo nimepiga. Inaita tu. Naiona ile simu juu ya meza yake, karibu na kiti, inalia ndani ya nyumba ambayo haina mtu.

Mama, Bibie ni wa zamani. Mabasi ninayotengeneza yana njia mbili za breki. Moja ikifa nyingine inashika. Yeye ana moja tu. Nati ile ikilegea, kanyagio linaweza kushika mara ya kwanza, na ya pili, ukadhani uko salama. Kila ukikanyaga linasukuma mafuta nje. Kisha unakanyaga na hakuna kitu. Na ninyi mnakaa juu ya mteremko, na chini ya mteremko kuna shule.

Kwa nini nikuandikie haya, kama yametokea yameshatokea. Ninaandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza kufikiri.

Mimi ndiye niliyekufungulia boneti. Mimi niliyesema fanya leo.

Yeyote atakayefungua barua hii, kama si mama, naomba anijulishe.

Spana.


SIMU YA MAANDISHI, 18 JUNI

TUPO HAI WOTE WAWILI. HAKUNA ALIYEGONGWA. BARUA INAKUJA. MAMA


Nyumbani, 24 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwangu, na safari hii kutoka kwa baba yako pia, ambaye amekaa hapa mbele yangu na anajua ninamwandikia nani. Anasema usimlazie koti juu ya bonde la spana. Sijui maana yake, labda unajua wewe.

Mfupa wa bega langu umepasuka, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Baba yako aliumia kifua kwa usukani. Walitulaza hospitali, yeye wodi ya wanaume, mimi ya wanawake, na nyumba ikabaki na simu yake. Fundi cherehani alikuta karatasi yako imesukumwa chini ya mlango, akaniletea kitandani. Nikamwomba aende posta anitumie yale maneno machache.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili homa ilikuwa imemwachia. Aliamka mtu mzima kabisa. Aliniita kwa jina langu. Aliniuliza goti, akaniomba nivae vizuri anipeleke kwa dada yangu, kwa kuwa sijatoka nyumbani siku nyingi na yeye ndiye sababu. Mwanangu, nilikuwa sijamsikia mtu huyo tangu mwaka jana. Nikavaa. Nilijiambia, gari halina petroli, halitawaka, tutacheka kidogo gereji na turudi ndani kunywa chai.

Likawaka.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Nilifungua mdomo. Lakini alinigeukia na uso ule wa zamani, akanifungulia mlango, na nikaona nikisema ni mimi, uso huo utaondoka na hautarudi tena. Nikaingia. Nikashika kishikio cha mlango na sikukiachia.

Getini alikanyaga breki, ikashika. Nikapumua. Kona ya tangi la maji ikashika, lakini nikamwona amekunja uso. Kona ya pili akakanyaga mara mbili. Kisha mteremko ukaanza, na nikamwona akikanyaga, na mguu ukaenda mpaka sakafuni kama mtu aliyekanyaga hewa.

Hakupiga kelele. Alisema, "Weka miguu mbele, egemea nyuma, usishike kitu changu." Akarudisha gia, Bibie akapiga yowe. Akarudisha nyingine. Kuna mama alikuwa anasukuma toroli la mikate katikati ya njia, mgongo umetuelekea. Baba yako alibonyeza honi na hakuiachia, akapita naye kwa upana wa kiganja. Niliona mikate, nikaona jicho lake. Akavuta handibreki kidogo, akaiachia, akavuta kidogo, kama anayembembeleza ng'ombe mkali. Kule chini naliona geti la kijani, na nje yake watoto, mwanangu, wamejipanga mstari. Nilifumba macho.

Pale kabla ya shule wanajenga ghorofa, na wamemwaga mchanga kando ya barabara. Alimpeleka Bibie humo. Nilichosikia ni kama mtu amemwaga gunia la mchele juu ya dunia nzima. Kisha kimya.

Watu wakakimbilia. Baba yako alinitazama mimi kwanza, akanigusa uso. Halafu akashuka, ameshika kifua, akalala chini kwenye mchanga kutazama. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa amejaa mchanga usoni. Akawaomba watu watuachie nafasi, akaniinamia dirishani.

"Haikukatika," alisema. "Imefunguliwa kwa spana." Na akainua mikono yake miwili, akaitazama.

Nikamwambia, "Ni mimi."

"Wewe?"

"Rota mimi. Waya mimi. Na hii mimi. Nilitaka usiendeshe. Sikujua ni breki."

"Una hakika?" aliniuliza. "Una hakika ni wewe?"

Nikamwambia nina hakika. Nilingoja anipige, ama aniite muuaji mbele ya watu wale. Baba yako aliketi juu ya mchanga kama mtu aliyekatwa kamba, akaanza kulia, na katikati ya kulia akawa anacheka.

"Nilidhani ni mimi," alisema.

Mwanangu, akili yake ilipokuwa imetulia hakuamini habari za mwizi. Aliyasema hayo ili sisi tusijue anachokiogopa. Aliamini kwamba anaamka, anakwenda kumfungua Bibie kwa mikono yake, kisha anasahau. Ndiyo maana alihamia gereji na spana: alikuwa akimlinda Bibie dhidi yake mwenyewe. Ndiyo maana alinusa vidole kila asubuhi, kutafuta harufu ya grisi. Aliniambia, "Niliwaza, kama naweza kumfanyia Bibie hivi na nisijue, siku moja nitakufanyia nini wewe?"

Kumbe mimi nilikuwa naogopa jikoni, na yeye akiogopa gereji, ukuta mmoja katikati.

Nilimsomea karatasi yako alipotoka hospitali. Akasema nikuulize jambo, na nikuulize upesi, akiwa bado anakumbuka kwamba ameuliza. Anasema anajua hataacha. Leo anaahidi, kesho mtu mwingine ataamka ndani yake na kutafuta kofia ya safari. Anataka umwambie atoe nini ambacho yule mtu wa kesho hawezi kukirudisha.

Mama yako.


5 Julai

Mama, na baba,

Shikamooni wote wawili. Nimezibusu simu zote mbili, ya maandishi na ile ya ofisini ambayo sasa hawanikatazi tena.

Baba, hili la koti nimelielewa mimi peke yangu, na sitamwambia mama nani aliyemwangushia Bibie spana akaficha bonde kwa koti.

Umeniuliza swali, nami nimezunguka nalo siku nzima nikitafuta jibu dogo. Hakuna. Plagi utanunua, kabureta utaunda hata kwa bati. Itoe injini yote. Mwite daktari wa meno na winchi yao ya chama, mwombe radhi, umkabidhi aitunze. Usimuuzie. Bodi ibaki kwako gereji, ukae ndani, umsugue, umng'arishe, hakuna atakayekuzuia. Najua ninachokuomba. Niliandika sentensi hii nikaikata, nikaiandika tena.

Mama, siku hiyo usikae jikoni. Kaa naye.

Spana wenu.


Nyumbani, 28 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Bega limeunga, goti liko kazini kwake. Nimefurahi kusikia tiketi imepatikana. Nakuandikia hii ijapokuwa huenda ukafika kabla yake, kwa sababu nataka uyajue kabla hujaingia mlangoni.

Injini ilitoka mwezi uliopita. Daktari wa meno alikuja na watu wake na ile minyororo, na baba yako aliwaongoza kwa kila nati, mkali kama zamani. Alimfukuza mmoja kwa kutupa boliti chini. Ilipoinuka na kuning'inia pale, ikizunguka polepole, aliivulia kofia. Baba mdogo wako pia alikuwepo. Walikaa juu ya kreti moja, hawakusemeshana sana, lakini walikunywa chai kwenye kikombe kimoja.

Kabla hawajaondoka aliomba kalamu. Aliandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika ndani ya boneti, pale mtu akifungua atakutana nacho kwanza. Kinasema hivi: "Injini nimeitoa mwenyewe, kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Hakuna aliyeiba. Usimsumbue mke wako. Ni mimi."

Tangu hapo ndiyo maisha yetu. Asubuhi anavaa kofia, anaingia gereji, anafungua boneti. Mimi nasimama mlangoni. Mara ya kwanza alipoona ule utupu alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, na mkono ukatafuta spana. Kisha macho yakaangukia maandishi. Akasoma. Akasoma tena akifuatisha kwa kidole. Akafunga boneti, akachukua kitambaa, akaanza kumsugua kuanzia madigadi ya kushoto. Kesho yake vilevile, kama hajawahi kuona. Kila asubuhi anaibiwa upya, na kila asubuhi anajituliza mwenyewe. Vidole hanusi tena.

Mimi hofu haijanitoka, nisikudanganye. Imehama tu. Zamani niliogopa kusikia injini. Sasa nasimama pale mlangoni nikitazama uso wake anaposoma, nangoja kuona kama atautambua mwandiko wake.

Jana alisoma mpaka mwisho, akanigeukia kwa adabu, kama mtu anavyomgeukia mwenyeji wake.

"Huyu bwana aliyeandika hapa," aliniuliza, "anaendeleaje?"

Nikamwambia hajambo.

Alifunga boneti kwa mikono miwili, taratibu, isitoe sauti.

"Ukimwona, msalimie," akasema. "Mwambie gari lake nalitunza."

Njoo upesi, mwanangu.

Mama yako.